Barua ya kiwandani haivuki bahari

Wiki iliyopita nililetewa gereji gari la zimamoto, mtumba wa Ulaya, mali ya kiwanda kimoja hivi. Shida waliyoniambia ni betri kuisha, asubuhi dereva akipiga stata anasikia tik tik tik basi, na betri zenyewe ni N200 mbili mpya zina miezi mitatu tu. Nikazima kila kitu, nikachomoa negative nikaweka taa ya kupimia katikati, taa ikawaka. Yani funguo ziko mfukoni kwa dereva na umeme bado unatembea.

Nikachomoa fyuzi moja moja, taa haizimi, nikajua umeme unavujia kabla ya boksi la fyuzi. Tukainua kebini nikafuata ule waya mnene mwekundu kwa mkono hadi unapopita kwenye tundu la chesisi, na ile raba ya kuzuia waya usisuguane na chuma haipo kabisa! Plastiki imelika, shaba inang'aa kama pete, chuma cha pembeni kina masizi na vitone vya shaba iliyoyeyuka. Mzee dereva akaniuliza, fundi hii ingewaka? Nikamwambia mzee wangu, hii ilishaanza kuwaka.

Watu wanachukulia gari la zimamoto kama lori lenye tenki la maji, lakini mara nyingi chesisi inatoka kampuni moja, halafu kampuni nyingine ndo inafunga bodi, pampu, ving'ora, taa na redio, na hapo ndo zinaongezwa waya mamia. Hitilafu inaweza ikawa ya yule wa pili kabisa. Na umeme ukikata pampu inaweza ikazima wakati kuna mtu ameshaingia ndani ya nyumba na mpira mkononi, anategemea maji yaliyo nyuma yake. Hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Hata likiwa limepaki si salama, maana stesheni nyingi za Ulaya na Marekani wanaliacha kwenye chaji muda wote ili betri zijae. Oktoba 2024 kule Stadtallendorf, Ujerumani, stesheni ya zimamoto ambayo haikuwa imemaliza hata mwaka iliungua, magari karibu kumi yakateketea, hasara ikakadiriwa euro milioni 20 hadi 24. Taarifa za mwanzo zilisema moto ulianzia kwenye gari lao wenyewe, lenye betri za lithiamu na limechomekwa umeme wa nje. Na jengo halikuwa na mfumo wa kengele za moto.

Sasa wenzetu wana utaratibu wa kurudisha magari yenye kasoro za kiwandani. Marekani kampuni ikishaamua gari lina kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiambia NHTSA, yani mamlaka yao ya usalama barabarani, halafu inawaandikia wenye magari warudishe na inatengeneza bure. Lakini barua inaenda kwa mmiliki aliyesajiliwa kule. Gari likishauzwa, likapanda meli, likashuka bandarini kwetu, barua inabaki kwenye anwani ya zamani na huku dereva anaendelea kuwasha kila asubuhi hajui kitu.

Kwa hiyo ukinunua au ukipewa msaada gari la namna hii, kabla ya kuhangaika na rangi andika chasisi namba. La Marekani au Ulaya ina herufi na tarakimu 17, la Kijapani huwa ni fupi na lina kistari katikati. NHTSA wana ukurasa wa kuangalia bure, Uingereza DVSA, mamlaka yao ya madereva na magari, nao wanao wao. Halafu tafuta na kibati cha aliyefunga bodi, umuulize na yeye, kwa sababu huyo watu wanamsahau kabisa.

Hili la kwetu kibati kilikuwa kimepakwa rangi juu, mzee akakaa chini kwenye vumbi akakikwangua kwa ufunguo taratibu mpaka namba ikatokea, mimi nikapiga picha tukatuma kote kuwili, kwa wenye chesisi na kwa aliyefunga bodi. Waya nimebadilisha, raba mpya, fyuzi kubwa karibu kabisa na betri, na swichi kuu nimeifunga pale kwenye ngazi ya dereva. Jibu bado halijaja. Mzee anasema kila jioni swichi anaizima mwenyewe kwa mkono wake ndo anafunga lango.