Kaa wa South Cove na saa ya maji kupwa

Mwisho wa Ramadhani huja na bamvua. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma jedwali la maji, kwa sababu kwetu Jambiani, mashariki ya Unguja, mwezi ukifa au ukikamilika maji hupwa mpaka mwamba ukabaki mtupu, na kina mama wote wako pwani. Kwa hiyo mwezi Juni 2017, nikiwa Oregon, Marekani, kwenye ukingo wa Bahari ya Pasifiki, sikushangaa mwalimu wetu aliposema kwamba tarehe 24 maji yangepwa karibu nusu mita chini ya sifuri ya jedwali, yaani chini ya kimo cha kawaida cha maji kupwa. Kilichonishangaza ni saa. Jambiani bamvua hupwa saa nne kwenda saa tano, jua limeshakolea. Huko yangepwa yapata saa moja asubuhi, na sisi tulitakiwa tuwe chini pwani mapema zaidi ili tushuke pamoja nayo. Nikala daku, nikaswali, nikavaa buti za mpira na makoti mawili.

Nilikuwa huko kwa mafunzo ya kiangazi, kwenye ile pwani ya Charleston ambako Chuo Kikuu cha Oregon kina kituo chake cha bahari. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha aina za kaa wa makombe na kaa wa kauri, tangu mstari wa juu ambao maji hufika kwa nadra, mpaka chini ambako hufunuka bamvua tu. Kaa wa makombe kila mtoto wa pwani anamjua: tumbo lake ni laini, hivyo huhamia ndani ya gamba la konokono aliyekufa na kutembea nalo. Kaa wa kauri ni mdogo, bapa, na ukimshika mguu hukuachia huo mguu na kukimbia na iliyobaki. Kwa macho hawafanani hata kidogo, lakini ni ndugu. Wote ni wa kundi la Anomura, wala si kaa wa kweli, ingawa huyu wa kauri amepata umbo la kaa kwa njia yake mwenyewe. Mhesabu miguu utaona. Kaa wa kweli ana jozi nne za kutembelea ukiacha magando. Wa kauri huonyesha tatu tu, na ya nne, ndogo sana, kaikunja chini ya gamba, ni ya kujisafishia.

Tuliteremka South Cove, ghuba ndogo kwenye rasi ya Cape Arago, kwa tochi za kichwani. Ukungu ulikuwa mzito, na kutoka mwamba wa Simpson tulisikia simba wa baharini wakibweka bila kupumzika. Maji yalikuwa nyuzi 11. Kiangazi pwani ile upepo wa kaskazini husukuma maji ya juu kwenda mbali, na maji baridi ya kina hupanda kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana bahari ile ina chakula tele, na ndiyo maana vidole vyangu vilikufa ganzi mapema.

Tulitandaza futi kamba kutoka juu kwenda majini. Kila baada ya mita kadhaa tuliweka fremu ya mraba, tukafunua mawe yaliyokuwa ndani yake, tukaokota kila kaa wa makundi yetu, tukamtambua, tukampima kwa kalipa, tukamrudisha. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza: jiwe hurudishwa kwenye shimo lake lilelile, upande uleule. Ukiliacha limepinduka, walio juu wanafukiwa na walio chini wanakaushwa. Nilimpenda kwa sharti hilo. Nimeona kwetu mwamba uliopigwa nondo na kupinduliwa na wachokoaji wa pweza wenye haraka, na najua inachukua muda gani mpaka viumbe warudi.

Juu walikuwa kaa wa makombe. Wengi walikuwa Pagurus samuelis, mwenye papasi (vile vipembe virefu vya kichwani vya kupapasia) nyekundu kabisa na pete za buluu karibu na ncha za miguu. Huyu hupenda gamba la konokono mweusi aitwaye Tegula funebralis, konokono anayeweza kuishi zaidi ya miaka 20, na gamba lake likibaki tupu hupitia mikononi mwa kaa mmoja hadi mwingine. Chini yake kidogo tulimkuta Pagurus granosimanus, miguu ya kijani cha zeituni iliyojaa chunjua ndogo za rangi ya buluu nyepesi, papasi nyekundu zisizo na mabaka. Wa tatu ni Pagurus hirsutiusculus, mwenye nywele miguuni na papasi zenye madoadoa meupe. Ukizijua papasi hizo tatu huhitaji kitabu.

Huyu wa tatu ndiye aliyenikalisha kitako. Nilimweka kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo, akiwa ndani ya kigamba kidogo kiasi kwamba hata magando hayakuenea. Aina hii hupendelea gamba jepesi kuliko gamba salama, apate kukimbia. Kando yake nilikuwa nimeweka gamba tupu, kubwa zaidi. Alilifikia, akaingiza gando moja mdomoni mwa gamba, akapapasa ndani, akalizungusha, akapapasa tena. Halafu akatoka. Kwa muda mfupi sana nilimwona mzima: tumbo lililopinda upande, rangi ya maziwa, laini mno, na vimiguu viwili vitatu vya kushikia. Akajirudisha kinyumenyume ndani ya lile kubwa. Alikaa humo, akatembea hatua chache, akatoka tena akarudi kwake kwa zamani. Nilikuwa nimesahau baridi. Mwenzangu aliyeshika daftari ilibidi anigonge bega.

Tulipofika kwenye kome, pale ambapo Mytilus californianus wamejipanga weusi juu ya mwamba wote, tukaanza kukutana na kaa wa kauri, na hapo kazi ikawa kubwa kweli. Petrolisthes cinctipes hukaa katikati ya kome na chini ya mawe kwa wingi ambao sikuwahi kuuona kwa kaa yeyote. Unafunua jiwe moja na ardhi yote inakimbia. Wachanga wanapotoka kwenye maisha ya kuelea huchagua kutua palipo na wakubwa wa aina yao, na hujificha chini ya miili yao. Kwa hiyo penye kaa huongezeka kaa. Tulimkuta jike mwenye mayai mekundu ya giza, na chini yake wadogo wasiozidi punje ya mchele. Nilimweka mmoja majini kwenye trei ili nimtazame akila. Hana haja ya kukimbiza kitu. Ana pepeo mbili ndogo za nywele mdomoni, na alikuwa akizikunjua moja baada ya nyingine na kuzivuta kwake, kama mvuvi anayerusha kimia, akichuja vijidudu vinavyopita.

Kisha tukavuka mstari. Sijui niuiteje mpaka usio na alama yoyote juu ya mwamba. Fremu moja ilikuwa na cinctipes watupu. Iliyofuata, hatua chache chini, wachache wao na wageni kadhaa. Iliyofuata tena, wageni tu. Mgeni ni Petrolisthes eriomerus. Kwa juu utadhani ni yuleyule. Mwalimu alimgeuza kiganjani, akamsogeza mdomo kwa ncha ya penseli, na sehemu za mdomo zilikuwa buluu ya kung'aa. Za cinctipes ni nyekundu ya machungwa. Baada ya hapo nilikuwa nikimgeuza kila mmoja, na kila mara ile buluu ilinifurahisha upya.

Nikauliza mbona hawachanganyiki, nao wametenganishwa na hatua chache na wote wanaogelea baharini wakiwa wachanga. Jibu lililotafitiwa sana ni la joto. Wanabiolojia Jonathon Stillman na George Somero walipima kaa hawa maabara na kuona kwamba anayeishi juu huvumilia joto la karibu nyuzi 31 hivi, na anayeishi chini hushindwa nyuzi kadhaa kabla ya hapo. Unaweza kudhani basi wa juu ndiye salama dunia ikizidi joto. Ni kinyume. Stillman alionyesha mwaka 2003 kwamba wale wanaovumilia zaidi ndio waliobakiwa na nafasi ndogo kabisa ya kujizoesha joto jipya, kwa sababu siku za jua kali tayari wanaishi karibu na mwisho wa uwezo wao. Nilipousikia utafiti huo mara ya kwanza darasani niliuandika na kuendelea. Kuusikia nikiwa nimemshika kaa mwenyewe kulinikaa vingine.

Nikachomeka kipimajoto chini ya jiwe la cinctipes: nyuzi 12. Ukungu haukuwa umeondoka. Maji yalianza kurudi, tukamalizia fremu ya mwisho mbiombio, ambapo kwenye mizizi ya mwani mkubwa wa kahawia tuliwapata Pachycheles rudis wawili, dume na jike katika tundu moja, magando yao manene yenye vinundu, moja kubwa kuliko jingine. Hao hukaa wawili wawili. Tuliwaandika tukawaacha humohumo.

Saa sita mchana nikampigia Mama. Kwao ilikuwa saa nne usiku, ametoka tarawehe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga na baridi hiyo?"

"Nimefunga. Leo tumeingia pwani, Mama, bamvua."

"Imepwa saa ngapi?"

Hakuuliza kaa wangapi wala aina gani. Mama ni mkulima wa mwani, ule uitwao kotoni, na kwake bahari ni saa kwanza. Nikamwambia saa moja asubuhi, na ukungu juu.

"Basi viumbe vya huko vina bahati," akasema. "Vinakauka jua halijaamka. Sisi kotoni yetu inapwa jua liko kichwani, maji yaliyobaki yanakuwa ya moto, ndipo inapogeuka nyeupe na kukatika. Nyie mnaandika saa?"

Hatukuwa tunaandika. Fomu yetu ilikuwa na tarehe, mahali, kimo cha jiwe, aina, jinsi, ukubwa. Jedwali la maji lipo, mtu anaweza kwenda kutafuta, lakini hakuna aliyeliweka pale ambapo msomaji wa orodha angeliona akiwa anamtazama kaa.

Jioni, tukiwa mezani tunaingiza takwimu, nikamweleza mwalimu maneno ya Mama. Aliweka kalamu chini. Akaniambia hilo ndilo mwanabiolojia Brian Helmuth na wenzake walilolionyesha mwaka 2002: kwamba kwenye pwani ile huwezi kusema kusini ni moto na kaskazini ni baridi ukaishia hapo, kwa sababu kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo maji ya kiangazi yanavyopwa karibu zaidi na adhuhuri. Kusini mwa California kiangazi yanapwa usiku au alfajiri. Oregon asubuhi. Ukiingia ndani ya ghuba zile za Seattle na Vancouver, mchana kabisa. Kaa yuleyule, jiwe lilelile, akihamishiwa saa nyingine ana maisha mengine. Akaniuliza Mama alisomea wapi. Nikamwambia Jambiani, kwenye maji.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Mwishoni mwa Juni 2021 joto ambalo halijawahi kupimwa huko lilikaa juu ya kaskazini magharibi ya Marekani na Kanada. Kijiji cha Lytton, Kanada, kilifika nyuzi 49.6. Siku hizohizo ilikuwa bamvua, na katika ghuba za ndani maji yalipwa mchana. Chris Harley wa Chuo Kikuu cha British Columbia alikadiria viumbe wa pwani zaidi ya bilioni moja walikufa, kome na wengine wanaoishi kati yao. Nilisoma habari hizo usiku na nikalia, sioni aibu kusema. Niliwajua wanaoishi kati ya kome. Nilijua rangi za midomo yao.

Mwalimu aliibadilisha fomu usiku uleule wa tarehe 24 Juni 2017, kabla hatujalala. Aliongeza safu mbili: saa maji yalipofika chini kabisa, na joto chini ya jiwe. Akachapisha nakala mpya kwenye karatasi isiyolowa.

Kesho yake ilikuwa Idi. Maji yalichelewa kiasi cha dakika hamsini kuliko siku iliyotangulia, nikapata muda wa kuswali na kunywa chai kwa tende, kisha tukashuka Middle Cove, na kitu cha kwanza mwenzangu alichoniuliza akiwa ameshika penseli ni saa.