Namna Tulivyoujenga Mwaka wa Kikosi Chetu cha Maskauti

Nilipokabidhiwa kikosi cha maskauti katika shule ya umma ninakofundisha, nje kidogo ya mji wa Nakuru, vijana walikuwa wakivaa sare zao siku za sikukuu za taifa tu, walipohitajika kupiga gwaride na kuwaelekeza wageni kwenye viti. Hayo ni majukumu ya heshima na tunayatimiza hadi leo, lakini mtoto hawi skauti kwa kusimama wima juani pekee. Nilitaka kikosi kiwe na kalenda yake, yenye mambo ambayo kila mmoja anayatazamia na kuyaandaa kwa mikono yake.

Nilianza kwa kuweka tarehe moja isiyohamishika, nayo ni 22 Februari. Hiyo ndiyo siku aliyozaliwa Robert Baden-Powell mwaka 1857, na mkewe, Olave, alizaliwa tarehe iyo hiyo mwaka 1889, ndiyo maana maskauti kote duniani huiadhimisha kama siku ya mwanzilishi wao. Sisi wa Kenya tuna bahati ya pekee, kwa kuwa mzee huyo aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941 na kuzikwa mjini humo. Wengine huvuka bahari ili kulizuru kaburi hilo, ilhali sisi tunahitaji basi moja na mafuta ya kutufikisha kupitia Nyahururu na Mweiga.

Ugumu wa Februari ni kwamba huja mapema mno. Shule zinapofunguliwa Januari, mzazi ametoka kununua vitabu, sare na viatu, na kumwomba nauli wakati huo ni kumtesa. Kwa hiyo niliamua kwamba mwaka wa kikosi chetu uanze muhula wa tatu wa mwaka uliotangulia. Nyuma ya jiko la shule tuliandaa kitalu cha miche, vijana wakachanganya udongo, samadi na mchanga, wakajaza pakiti na kupokezana zamu za kumwagilia asubuhi kabla ya kengele. Miche ya mgrivea na mipapai huuzwa kwa majirani mvua za masika zinapoanza na tena wakati wa vuli, na sehemu nyingine tunaipanda wenyewe kandokando ya uwanja. Mapato ya misimu hiyo miwili ndiyo hulipia sehemu kubwa ya basi. Kiasi kinachobaki wazazi hukitoa kidogo kidogo kila Ijumaa, na maskauti wawili hukiandika daftarini na kukisoma kwa sauti mbele ya kikosi kizima. Usomaji huo wa hadharani ulifanya kazi kubwa kuliko barua zote nilizowahi kuwaandikia wazazi.

Jambo la pili lilikuwa kulala nje. Mama mmoja aliniuliza katika mkutano, “Mwalimu, binti yangu atalala wapi, na ni nani atakayekuwa naye usiku?” Lilikuwa swali la haki, na halikustahili kujibiwa kwa maneno matupu. Tuliamua kwamba kambi ya kwanza ya kila mwaka ifanyike katika uwanja wa shule, mwishoni mwa muhula wa pili, mahema ya wasichana yakiwa upande wake chini ya walimu wa kike, na wazazi wakaribishwe kwenye moto wa jioni. Mama yule alikuja, akakagua kamba za hema moja baada ya nyingine, akakaa hadi wimbo wa mwisho. Mwaka uliofuata alituletea sufuria ya githeri.

Kwenye moto huo ndipo wapya hutoa ahadi yao, wakiinua vidole vitatu vya mkono wa kulia, kisha kiongozi wa kikundi chao huwafunga skafu na kuwapa mkono wa kushoto, kama desturi ya maskauti ilivyo. Asubuhi, majivu yakishapoa, tunachota kiasi na kukitia katika kopo lenye majivu ya kambi zilizopita, na kambi ijayo kopo hilo humwagwa motoni kabla ya kuwashwa. Desturi hiyo inafuatwa na maskauti wa nchi nyingi, nasi tunaishika kwa moyo wote.

Kazi yenyewe nimewaachia patroli, yaani vikundi vya vijana sita hadi wanane, kila kimoja na bendera yake na kiongozi aliyechaguliwa na wenzake mwezi wa Oktoba, wakati wa Gredi ya Tisa wanapojiandaa kuondoka. Mtu mzima abaki na mambo matatu: tarehe, usalama na stakabadhi. Akiingilia mengine, atalibeba kundi lote mgongoni, na siku atakayohamishwa kila kitu kitakufa.

Mwezi wa Novemba tunacheza mchezo wa kufuata njia. Patroli moja hutangulia ikiacha alama za mawe na vijiti: mshale wa kuonyesha pa kupita, msalaba wa kukataza njia, na mwishoni duara lenye nukta katikati, maana yake “nimekwenda nyumbani”. Sisemi lolote kuhusu Nyeri siku hiyo. Februari, tunapofika makaburini asubuhi na Mlima Kenya ukiwa bado haujafunikwa na mawingu, vijana huyakuta maandishi ya jiwe na, chini yake, duara lile lile lenye nukta. Daima hupatikana mmoja anayelisoma kabla ya wenzake na kuwanong'oneza, na mimi huwaacha waelezane wenyewe, kwa sababu sina maneno ya kufundisha somo hilo vizuri kuliko jiwe lenyewe.

Ijumaa inayofuata safari, viongozi wa patroli hufunga hesabu, husoma salio na kuamua idadi ya pakiti za kujazwa kabla ya masika. Kwa sasa wanaweka akiba ya kambi ya Agosti katika uwanja wa maskauti wa Rowallan, Nairobi, na kitalu tayari kimepanuliwa hadi ukutani.