Mtulivu, si jiwe

Dereva aliyekesha kwenye foleni hataki kuambiwa "tulia". Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, na wateja wangu wengi wanatoka Mombasa na mizigo ya Kampala, Kigali au Juba. Mfumo ukikwama, matusi ni yangu, ingawa mfumo si wangu.

Sina hasira za karibu. Shangazi yangu wa Tororo huniita jiwe, na hanisifu.

Majuzi mzee mmoja alizuiliwa kwa sababu uzito wa kwenye karatasi haukulingana na wa mizani. Huku simu inaita: mtoto wake amelazwa. Akapiga meza. Kijana ninayefanya naye kazi akamjibu kwa adabu kabisa, macho kwenye kompyuta: "Subiri mzee, inashughulikiwa." Mzee akawaka zaidi. Nikazunguka meza, nikasimama upande wake. "Mzee, mtoto yuko na nani hospitalini?" Yuko na mama yake. "Haya, njoo tuangalie pamoja imekwama wapi." Karatasi haikwenda mbio hata kidogo, ila meza ilipona.

Utafiti wa mwaka 2003, ambao James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford alishiriki, uliwaonyesha wanawake wasiojuana filamu ya kuhuzunisha, kisha wakazungumza wawiliwawili. Baadhi waliagizwa kuficha hisia zao. Shinikizo la damu likapanda hata kwa wenzao, ambao hawakujua lolote kuhusu agizo hilo. Mimi sishangai. Uso usiosema kitu unamchosha anayeutazama. Kwa hiyo moyo wangu naushika, lakini uso nauachia: nikisikitika, aone nimesikitika.

Madereva walipogoma Januari 2022 kwa ajili ya ada ya kupimwa Korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi upande wa Kenya. Huwezi kumwuliza kila mtu habari za mtoto wake. Nilichoweza ni kuwapigia simu wateja wangu hata nisipokuwa na jipya: "Bado, ila sijawasahau." Walinitukana, kisha wakashukuru, wengine kwa pumzi moja.

Wako pia wasiotaka kuulizwa chochote, hata salamu inawakera. Hao nawapa kiti na chaja ya simu, naendelea na karatasi zao.