Paa Likaguliwe Wakati wa Kipupwe

Masika yakishakatika, wenye nyumba wengi hapa Dar es Salaam husahau kabisa habari za paa, hadi vuli inapoanza kudondosha matone sebuleni. Kwa maoni yangu huko ni kuchelewa, kwa sababu kati ya Juni na Agosti mwenye nyumba huwa na nafasi ambayo miezi mingine haimpi: madoa ya masika bado yapo kwenye dari yakionyesha maji yalipopita, na wakati huohuo hali ya hewa ni kavu kiasi kwamba fundi anaweza kufungua bati, kutengeneza mbao zilizo chini yake na kulirudisha bila hofu ya mvua. Ifikapo Oktoba mafundi wazuri huwa wameshabanwa na kazi, na yule anayepatikana siku hiyohiyo unapompigia simu mara nyingi ana sababu ya kuwa huru.

Ukaguzi huanzia ndani. Doa la maji kwenye dari ya jipsam likiwa na ukingo mmoja tu wa kahawia, huenda lilitokana na mvua moja kubwa iliyosukumwa na upepo. Likiwa na pete kadhaa, moja ndani ya nyingine, dari imelowa na kukauka mara nyingi, na tatizo ni la kudumu. Hata hivyo, tundu ni nadra kuwa juu ya doa moja kwa moja. Maji huingilia sehemu ya juu zaidi, hutambaa chini ya bati au kando ya papi (mbao za kulala ambazo bati hupigiliwa juu yake), kisha hudondoka pale yanapokutana na kizuizi, kwa hiyo anayetafuta tundu afuate mteremko kuelekea kwenye kofia ya paa, yaani kileleni.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kupanda darini karibu na adhuhuri, kuzima tochi na kusubiri macho yazoee giza. Matundu mengi hujionyesha yenyewe kwa vijitone vya mwanga. Yawekee alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu na upime umbali kutoka ukutani, maana ukishapanda juu hutayaona tena. Kabla ya kushuka, washa tochi na uchome mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa mahali kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zinapokaa juu ya ukuta na kwenye fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa). Mbao nzima hukataa ncha. Iliyooza au kuliwa na mchwa huipokea bila ubishi, na hapo hakuna maana ya kuweka bati jipya kabla ya kubadilisha mbao.

Juu ya paa, chanzo kikubwa cha kuvuja ni misumari. Bati la chuma lenye urefu wa mita 6, likitoka nyuzi 20 za alfajiri hadi nyuzi 60 chini ya jua la mchana, hurefuka karibu milimita 3, kisha usiku hurudi lilivyokuwa. Mwendo huo wa kila siku huulegeza msumari na kuutanua mdomo wa tundu, huku kipande cha mpira kilicho chini ya kichwa cha msumari kikikauka kwa jua hadi kupasuka. Ukikigusa kwa kidole na kikameguka, usisubiri mvua ikuthibitishie. Kuugongelea msumari uleule kwenye tundu lilelile ni kazi ya wiki chache tu. Ung'olewe, iwekwe skrubu nene zaidi yenye mpira mpya, na ikazwe mpaka mpira ubane bila kuchomoza pembeni. Kwa bati la migongo midogo, msumari hukaa juu ya mgongo, kamwe si kwenye bonde ambamo maji hupita. Mafundi wa dishi na wa sola hawalijui hili, au hawajali, na matundu yao huwa ya kwanza kuyakagua kila mwaka.

Kuna desturi ya kuziba matundu kwa saruji, nami nashangaa kwamba bado inaendelea. Saruji haifuati mwendo wa bati, hivyo hupasuka mapema, na ikiwa mbichi huula ule utando wa zinki unaolilinda bati dhidi ya kutu. Kutu ikiwa ya juujuu, isuguliwe kwa brashi ya waya na ipakwe rangi ya kuzuia kutu; ikiwa imeshatoboa sehemu kubwa, badilisha bati zima. Karibu na bahari, ambako upepo wa kusi huleta chumvi, sipendekezi geji 32 hata kidogo, kwani namba hiyo kubwa ina maana ya bati jembamba.

Kwa walio nyanda za juu, kwa mfano Njombe, kipupwe kina mtego wake. Dari inaweza kulowa asubuhi bila mvua yoyote, na mtu akamwita fundi kuziba tundu ambalo halipo. Mvuke wa jikoni na wa pumzi za watu hupanda usiku, hukutana na bati la baridi na kugeuka maji. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa ili hewa ipite.

Nyumba za siku hizi zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta zinahitaji uangalifu zaidi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 5,000, na zote hutegemea mfereji mmoja wa ndani. Majani ya mwembe yakiziba tundu la kutolea maji, mfereji hufurika kuelekea ndani ya nyumba, kwa kuwa upande wa nje umezuiwa na ukuta.

Ikiwa paa lako ni la asbesto, kama yalivyo mengi ya majengo ya zamani, usitoboe, usikate wala kusugua, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani. Kwa mabati, panda baada ya saa tatu asubuhi umande ukishakauka, uvae viatu vya raba na ukanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini yake kuna papi.

Kazi ikiisha, mwagia maji kuanzia chini ya paa ukipanda juu taratibu, huku mtu mwingine akiwa darini na tochi. Ukianzia juu, viungo vyote hulowa kwa pamoja na hutajua ni kipi kilichopitisha. Mimi hubakiza sehemu ya malipo ya fundi hadi jaribio hilo likamilike, na tunakubaliana hivyo kabla hajafungua bati la kwanza.