Jinsi nilivyozifanya mashine za kadi za zamani zipokee malipo ya pochi ya simu

Nilipokabidhiwa usimamizi wa mashine za kadi kazini, nilizikuta zimepishana umri: moja ilisoma ukanda wa sumaku tu, nyingine zilikuwa na tundu la chipu, na hakuna hata moja iliyokuwa ikipokea simu. Nilipewa sharti kwamba wateja waweze kulipa kwa pochi ya simu, yaani programu inayohifadhi kadi ya benki ndani ya simu, bila kununua mashine mpya, na bila kupunguza usalama kwa namna yoyote. Nikiri kwamba mwanzoni niliona masharti hayo hayawezi kukaa pamoja, kwa sababu nilidhani usalama wa malipo ya simu unatoka kwenye mashine.

Kumbe sivyo. Kadi inaposajiliwa kwenye pochi ya simu, simu hupewa namba mbadala iitwayo tokeni, na kila muamala hutumwa pamoja na msimbo unaokokotolewa kwa ajili ya muamala huo peke yake. Mashine hupokea tokeni na msimbo na kuvipeleka mbele kama inavyopeleka kadi yoyote. Wanaotambua tokeni hiyo ni ya nani ni mtandao wa kadi (kama Mastercard) na benki iliyotoa kadi. Kwa hiyo mashine kongwe haihitaji kujua kwamba inashughulika na simu. Inahitaji tu njia ya kuusikia ujumbe.

Kwa ile ya ukanda wa sumaku, njia hiyo ilikuwapo tayari. Mwaka 2015 Samsung iliinunua kampuni ya LoopPay na kuweka teknolojia yake kwenye simu za Galaxy: koili ndogo iliyo nyuma ya simu hutoa uga wa sumaku unaobadilika haraka, mfano wa ule ambao kichwa cha mashine hukutana nao kadi inapopitishwa. Niliazima simu ya aina hiyo, nikathibitisha kwa alama ya kidole, nikaiweka juu ya kioo cha mashine. Kimya. Mhudumu wa kaunta akaniambia, “Kaka, hiyo mashine haigusishwi, haina hata ile alama.” Nikamwomba anivumilie, kisha nikaisogeza simu hadi ubavuni, sambamba na mfereji wa kupitishia kadi, kwa kuwa kichwa cha kusomea kiko humo na uga ule haufiki mbali zaidi ya sentimita chache. Mashine ikalia, risiti ikaanza kutoka, na dada yule akaigeuza simu kuangalia kama kuna kadi imebandikwa nyuma.

Hata hivyo sikuitegemea njia hiyo kwa muda mrefu. Haifanyi kazi kwenye visomeo vinavyotaka kadi iingizwe ndani ndipo viamke, na nchini Marekani Samsung yenyewe iliiondoa kuanzia Galaxy S21 ya mwaka 2021. Niliiandika kwenye taarifa yangu kama daraja la muda.

Mashine zenye tundu la chipu ndizo zilizonichosha. Nilipojaribu sumaku, kioo kiliniagiza niingize kadi. Sababu ni kwamba ndani ya data za ukanda kuna msimbo wa huduma wenye tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ikiwa 2 au 6, mashine huelewa kwamba kadi ina chipu na hukataa kuipitisha. Kuulazimisha ukanda hapo kungekuwa kuvunja kinga iliyowekwa kwa makusudi, kwa hiyo nikaacha. Niliposoma mwongozo wa mashine, niligundua kwamba antena ya kugusisha, yaani ya kupokea malipo kadi au simu ikisogezwa tu karibu, ilikuwamo ndani tangu ilipotoka kiwandani, ila ilikuwa imezimwa kwenye mipangilio. Mipangilio hiyo haifunguliwi na fundi wa kaunta, na ni vyema iwe hivyo. Niliwaandikia benki inayopokea malipo yetu, nikataja aina ya mashine na toleo la programu yake, wakatuma vigezo vipya kwa mtandao, na mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Malipo madogo yakapita. Makubwa yakakataliwa, japo mteja alikuwa ameshathibitisha kwa uso wake kwenye simu. Hapa nilipoteza siku nyingi nikishuku simu, mpaka nilipobaini kwamba mashine ilikuwa ikiipimia simu kwa kiwango cha juu cha kadi ya kugusisha, ambayo yenyewe haiwezi kumthibitisha mteja kama simu inavyofanya. Kanuni za Mastercard, kwa mfano, zina vigezo viwili tofauti: kiwango cha juu pale uthibitisho unapofanyika kwenye kifaa cha mteja, na kingine pale usipofanyika. Kwetu vyote viwili vilikuwa vimejazwa thamani ileile ndogo. Niliomba kile cha kwanza kipandishwe na cha pili kibaki kilivyo, na kuanzia hapo simu hazikukataliwa tena kwa sababu ya kiasi.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni kurejesha fedha. Tarakimu nne za mwisho kwenye risiti ni za tokeni, si za kadi ya plastiki, hivyo mhudumu akilinganisha risiti na kadi ya mteja huona havifanani na kumshuku mtu asiye na kosa. Nilibandika karatasi chini ya kaunta inayoeleza kwamba namba ya kulinganisha huonekana ndani ya pochi ya simu, kwenye maelezo ya kadi, na kwamba ni salama zaidi mteja agusishe upya kifaa kilekile alicholipia. Wiki iliyofuata ilinibidi kuongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, baada ya mteja mmoja kubishana nasi karibu nusu saa akigusisha simu, ilhali alikuwa amelipa kwa saa ya mkononi: kadi ni moja, lakini kila kifaa kina tokeni yake.