Mtasema na gamba la swila

Taabu alikufa alfajiri ya Jumatatu, msimu wa kusi, mwaka 1998. Mie nilikuwa na miaka 13, nakaa kwa mjomba wangu kule Mtende, kusini Unguja. Taabu ndo alikuwa mbwa wake mkubwa wa usasi, jike la rangi ya mchanga, sikio moja limechanwa na jino la nguruwe. Ile Jumapili jioni tunarudi zetu porini akaingiza pua chini ya lundo la makuti makuukuu pembeni ya shamba la muhogo, nikasikia mlio mmoja tu, mara namuona anarudi kinyumenyume anajifuta uso kwa mkono kama paka. Mjomba akainua makuti kwa ncha ya mkuki. Swila. Kasimama, shingo kaitanua, na kabla hatujasogea kashatema, mate yakatua kwenye shati la mjomba hapa kifuani.

Tukajua Taabu nae katemewa. Tulimmwagia dumu zima la maji usoni, maana swila akikutemea machoni dawa ya kwanza ni maji, tena maji mengi, usisugue. Ulipotoka uchafu wote ndo tukaona vitundu viwili juu ya pua. Kaumwa. Usiku ule uso ulivimba mpaka jicho la kushoto likapotea kabisa, na dawa ya sumu ya nyoka binadamu mwenyewe kijijini kwetu hakuipata, seuze mbwa. Mjomba alikaa nae bandani mpaka asubuhi, mie naenda na kurudi na kandili, hakunambia neno. Alfajiri akatoka, akanawa mara saba, moja kwa udongo, akabadili nguo akenda msikitini. Aliporudi akasema tu, "Chukua jembe mwanangu, tukamzike."

Niseme hapa kwa wasiojua, kwetu kufuga mbwa si jambo jepesi. Watu wanasema sana, najisi, malaika hawaingii, na kadhalika. Mjomba alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba mbwa wa kuwindia ana ruhusa yake katika dini, na banda lake alilijenga mbali, huko karibu na shamba, vyombo vyao mbali, nguo za huko mbali. Wasasi wa zamani walikuwa wakiwafata hata chui na mbwa wao, wakati wangu mie kazi ilikuwa nguruwe tu, wale wanaoingia usiku wakafukua muhogo wote ukaamka huna kitu. Na walewale waliokuwa wakisema ndo hao hao asubuhi wanakuja kumgongea mjomba, "nguruwe kanimaliza, leta mbwa wako." Ndo maana mtoto wa Taabu alimpa jina Mtasema.

Mtasema alikuwa hajafika hata mwaka. Mweusi, kifua cheupe, na tabia ileile ya mamake, kila shimo lazima atie pua. Mjomba akaniambia huyu tusipomfunza atakufa vilevile.

Sasa nilidhani atamuonesha nyoka afu ampige fimbo. Nikamuuliza. Akanambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nayasikia kwa sauti yake, "Ukimpiga wewe atakuogopa wewe. Lazima ajue kapigwa na nyoka." Basi. Mafunzo yote yalikuwa juu ya neno hilo moja. Miaka mingi baadae nikaja kuona video za Marekani na Afrika Kusini, wenzetu wana wakufunzi kabisa, wanaweka nyoka hai aliyefungwa mdomo au yumo kwenye tundu la waya, mbwa kavishwa kola ya umeme, akisogeza pua tu mtu anabonyeza rimoti, na wao wanasisitiza hilohilo, mbwa asikuone wewe, asikusikie wewe, maumivu yatoke kwa nyoka. Nilitazama ile video mara mbili tatu nikamkumbuka mjomba ambae umeme wenyewe nyumbani kwake haukuwepo.

Yeye alitumia gamba. Tulilipata kwenye tanu la chokaa lililoachwa, swila kajivua siku ileile maana lilikuwa bado laini, lina unyevu. Alilishika kwa majani asiliguse kwa mkono, harufu ya mtu isiingie, akalifunga kwenye jani la mgomba. Kabla ya kulifunga aliniita nilitazame. Mnajua nyoka akijivua gamba hata jicho linatoka? Pale kwenye macho pana viduara viwili vyembamba, vinang'ara kama kioo cha saa, unaona hadi upande wa pili. Siku mbili baadae jirani akaua swila bandani kwa kuku, mjomba akenda kuomba ule mzoga, kichwa akakikata na kukizika kina kirefu, akanikataza nisikisogelee kabisa kwasababu kichwa cha nyoka hata kikishakatwa kinaweza kung'ata.

Kazi yangu mie ilikuwa manati. Risasi zake kokwa za ukwaju, sio mawe. Na kabla ya yote alinisimamisha hatua kumi, akapandisha msuli wake akasema nipige hapa kwenye paja. Nilikataa, akasema piga. Nikapiga, akakunja uso kidogo, akasema punguza mpira, inatakiwa ashtuke, asiumie.

Siku ya kwanza tulitega chini ya mbuyu mkubwa njia ya kwenda shamba. Gamba kwenye majani, mie nimejificha nyuma ya jiwe, upepo unatoka kwa gamba unakwenda kwa mbwa ili harufu imfikie kabla ya macho. Mjomba akaja na Mtasema kwa kamba ndefu, anatembea kama mtu mwenye safari zake, hamtazami, hasemi. Mtasema akanusa hewa. Akasogea. Akashusha pua. Na mie mkono ukawa mzito, wallahi, nilimkumbuka mamake anajifuta uso, nikachelewa, akawa kashanusa kashamaliza anageuka kuja upande wangu maana alinisikia nikivuta pumzi, na hapo ndo nikaachia. Ikampata begani huku ananitazama.

Alilia. Akakimbia mpaka kamba ikamkaza. Mjomba hakunigombeza, alikuja akachutama mbele yangu akasema umempiga wewe, hakupigwa na nyoka, na jicho lake limekuona. Nililia mie pia.

Tukaacha siku tatu. Mara ya pili tukabadili pahala kabisa, kwenye maweni huko nyuma ya tanu, maana mjomba alisema tukirudia palepale mbwa ataogopa pahala badala ya nyoka. Safari hii tukaweka ule mzoga. Pua iliposhuka tu, bado hajagusa, nikaachia, ikampata kwenye nyonga, akaruka juu miguu yote minne, akakimbia, na mjomba akakimbia nae, anamsifu, anampapasa shingo, kama wote wawili wameponea. Mara ya tatu, pahala pengine, gamba tena, nikampiga alipokuwa hatua moja. Ya nne sikuvuta mpira. Alisimama mbali, manyoya ya mgongoni yakamsimama, akalizunguka gamba kwa duara kubwa akaenda kusimama nyuma ya mjomba.

Kama wiki mbili mbele tukatoka usasini Jumapili, watu kama kumi na mbili, nyavu na mikuki. Njia nyembamba, kichaka huku na huku, Mtasema mbele. Ghafla akasimama. Akarudi, akapita miguuni mwa watu wote, akakaa nyuma. Mmoja wa wenzetu akamcheka, mbwa gani huyo muoga, akataka kupita. Mjomba akamshika mkono akasema ngoja. Akachukua mti mrefu akapekua majani yaliyokauka kwenye njia pale mbele, kitu kikateleza taratibu kikaingia kwenye ufa wa jiwe, cheusi cheusi, mkia tu ndo tuliouona. Hakuna aliyesema neno tena. Tukazunguka. Mjomba akammiminia Mtasema maji kwenye kifuu, kabla yeye mwenyewe hajanywa.

Aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila mwaka makusi yakiingia mjomba alikuwa akimrudishia somo mara moja kwa gamba jipya. Hakuumwa na nyoka hata siku moja. Na mie alinipenda, alikuwa akinifata mpaka barabarani nikienda skuli. Ila tukifika pale kwenye mbuyu, mbwa yule anaacha njia, anapita juani kwa nje mbali, afu ananisubiri upande wa pili.