Kasema Atarudi au Hatarudi?

Jumanne iliyopita nyumbani kwetu kulizuka ubishi uliodumu mpaka tunakwenda kulala, na chanzo chake kilikuwa neno moja. Katika tamthilia tunayoifuatilia kila siku saa tatu usiku, mke aliyeachwa na mumewe alisimama mlangoni, mvua inanyesha, kinanda kinalia kwa nyuma, akamnong'oneza dada yake maneno mawili kisha akafunga mlango. Mimi nilisikia "Najua atarudi." Mama yangu, ambaye ameshavuka miaka 75, akasema nimekosea: mwanamke yule alisema "Najua hatarudi." Binti yangu alikuwa ameinamia simu na hakusikia chochote, kwa hiyo hatukuwa na mwamuzi.

Asubuhi nilikitafuta kipande kile mtandaoni, nikachomeka hedifoni kwenye simu na kukirudia mara tatu. Mama alikuwa sahihi. Ile h ilikuwapo, nyepesi kama pumzi ya mtu anayepuliza chai, lakini ilikuwapo. Nilipomwuliza aliisikiaje, alinijibu, "Sikusikia kitu, mwanangu. Nilimtazama uso."

Lugha yetu imetundika mzigo mkubwa kwenye uzi mwembamba. Tunapomzungumzia mtu mmoja, tofauti ya ataolewa na hataolewa, atalipa na hatalipa, amekuja na hajaja, huanzia kwenye h moja ambayo si mlio bali ni pumzi tu. Ukiikosa, hukosi sehemu ya maana, bali unapata maana iliyopinduka, tena unaipata kwa uhakika kabisa, kiasi cha kubishana na mzazi wako. Hali ni hiyo hiyo kwa amefika, ameshika na amepika, maneno ambayo yakisemwa kwa kunong'ona huku fidla zikilia hubaki kuwa mlio mmoja. Irabu ndizo zenye nguvu, nazo husafiri mbali. Sauti za mkwaruzo kama s, f na sh ni dhaifu, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 2,000, yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde, huko ambako sikio la mtu mzima huanza kuchoka kwanza. Hivyo mtu mzee husikia vizuri kwamba kuna mtu anazungumza, husikia kuwa amekasirika, na bado asijue kasema nini. Mama akisema "nasikia lakini sielewi," huwa anaieleza hali hii kwa usahihi, ingawa kwa miaka mingi nilidhani anatafuta kisingizio cha kuniomba nimsimulie.

Nami sijapona. Nilikwenda kupimwa masikio mwaka jana, nikaonyeshwa mchoro ambao mstari wake unakwenda tambarare kisha unaporomoka upande wa kulia, upande wa sauti nyembamba, kama barabara ya kutoka Lushoto kuelekea Mombo. Nina miaka 54. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani, kwa hiyo niko kwenye umati mkubwa. Lakini masikio hayo hayo yaliisikia ile h kupitia hedifoni. Kama sauti ilirekodiwa vizuri na sikio bado linaweza kuinasa, basi ilipotea mahali fulani kati ya king'amuzi na kochi langu.

Mtuhumiwa wa kwanza ni televisheni yenyewe. Zile za chogo tulizozicheka na kuzigawa zilikuwa na nafasi ya kutosha tumboni, na nyingi ziliweka spika mbele, zikimwelekea mtazamaji. Hizi bapa zimekuwa nyembamba kama sinia, na spika zake ndogo zimefichwa chini au nyuma, zikizungumza na ukuta na meza. Kwangu sakafu ni vigae na madirisha ni ya alumini, hivyo sauti inapotoka huko nyuma hugonga kila kitu kabla ya kunifikia.

Mtuhumiwa wa pili nilimnunua kwa fedha zangu. Ni sabufa. Nadhani hakuna nyumba ya jirani isiyo nayo, na sisi sote tuliinunua kwa sababu ile ile: sauti ya televisheni haitoshi. Sabufa huongeza besi, na besi ndiyo ambayo maneno hayaihitaji. Mbaya zaidi, ngurumo nzito zina tabia ya kuzifunika sauti nyembamba zilizo juu yake, kwa hiyo kila nilipoongeza sauti ili nimsikie mwanamke anayenong'ona, niliyazika zaidi maneno yake. Dukani waliniwekea muziki wa dansi ili nisikie ubora wake, na kwa muziki wa dansi sina malalamiko hata leo.

Hata hivyo watengenezaji wa tamthilia hawawezi kujificha nyuma ya sabufa yangu. Anayechanganya sauti hukaa kwenye chumba kimya, mbele ya spika nzuri, akisikiliza mazungumzo ambayo ameshayasikia mara nyingi mno. Hawezi tena kutoelewa. Kazi nyingi huchanganywa kwa mfumo wa spika sita, ambao maneno hutengewa spika ya katikati peke yao. Kwenye televisheni yenye spika mbili, maneno, muziki na mvua husongamana mlango mmoja. Halafu kuna mtindo wa uigizaji wa siku hizi, wa kumung'unya maneno ili mtu aonekane wa kweli. Wenye lugha zao pia wanateseka: Aprili 2014 BBC ilipoonyesha tamthilia ya sehemu tatu, Jamaica Inn, Waingereza zaidi ya 2,000 walilalamika kwamba hawaelewi waigizaji wanasema nini. Nakiri kwamba habari hiyo ilinifariji.

Kwetu kuna kituko kingine. Filamu nyingi za Kiswahili hupitishiwa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, na mimi nimejikuta nikiyasoma ili nimwelewe mtu wa Temeke anayezungumza lugha niliyozaliwa nayo. Kipaza sauti kimekaa mbali, jenereta inanguruma, muziki umewekwa juu ya mazungumzo mwanzo hadi mwisho, na kilichosalia ni Kiingereza ambacho nacho mara nyingine kina matatizo yake. Maandishi ya Kiswahili kwa filamu ya Kiswahili sijawahi kuyaona, ilhali kuna watu wetu wengi wasiosikia vizuri ambao wangeyahitaji kuliko mgeni yeyote.

Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili zina nafuu ya aina yake. Sauti hurekodiwa studio, mdomo karibu na kipaza, na kila silabi inafika. Lakini hapo Mama ndipo anaposhindwa, maana midomo inakwenda Kituruki na masikio yanapokea Kiswahili, na ule ujuzi wake wa kusoma uso haumsaidii tena. Anasema watu hao "wanatafuna." Wakati mwingine huwakumbuka watafsiri wa vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, akina Lufufu, ambao waliifunika filamu nzima kwa sauti zao na kuongeza mambo ambayo hayakuwamo. Tuliwaona wahuni, lakini hakuna aliyetoka kibandani akiuliza fulani kasema nini.

Nimefanya marekebisho machache. Kwenye king'amuzi nimebadili sauti kutoka mfumo wa spika nyingi kuwa stirio, yaani ya spika mbili. Televisheni nimeiweka kwenye mpangilio wa sauti uliokusudiwa taarifa ya habari, na nimeivuta mbele ya meza ili spika zisinong'onezane na mbao. Sabufa huchomolewa saa tatu kasorobo, jambo ambalo kijana wangu analiona kama dhuluma. Mkeka na mapazia mazito vimepunguza mwangwi.

Kimebaki kikwazo kimoja, pangaboi, ambalo mvumo wake ni kama hiyo h yenyewe isiyokatika. Tulijaribu kulipunguza, haikusaidia. Sasa tamthilia inapoanza tunalizima na kukaa kimya katika joto la Dar es Salaam, Mama akijipepea kwa kipepeo cha jikoni, na matangazo ya biashara yakiingia, kwa sauti ambayo hata jirani anaielewa, binti yangu ananyanyuka haraka kuliwasha.